Harufu ya Mbege, Siku ya Tatu

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025 kituo chetu kinamuaga Bi Yuditha Elimringi Mtui, Fundi Sanifu Mkuu wa maabara ya mimea, baada ya miaka thelathini na sita na miezi mitano ya utumishi. Kisheria anastaafu Jumapili, tarehe 30, siku anayotimiza miaka sitini. Nimeitaja ile miezi mitano makusudi. Mtu aliyepima asidi tone kwa tone maisha yake yote hawezi kufurahi akiona miezi mitano inamwagwa hivihivi.

Kazini tunamwita Mama Mtui. Majirani zake Kirua Vunjo wanamwita Mama Ezra. Wakulima wa mahindi huko tambarare, chini ya mji wa Moshi, wengi hawalijui jina lake kabisa. Wao husema yule mama wa mizizi iliyolewa, na anaitika. Wasifu huu nimeombwa niuandike mimi, Hussein Abasi, msaidizi wake wa maabara tangu mwaka 2009. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyegombezwa naye kwa muda mrefu kama mimi.

Alizaliwa Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha migomba na kahawa kama wengine, ila mama yake alikuwa mpishi wa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, anayejulikana kijiji kizima. Binti huyo alilelewa kati ya mitungi, ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa. Akiwa na miaka kumi, kwa maelezo yake mwenyewe, aliweza kusimama mlangoni na kusema mbege iliyomo ndani ni ya siku ya kwanza, ya pili au ya tatu, bila kufunua mtungi. Baadaye aliingia kwaya ya usharika, akaamua hatakunywa, na hakunywa. Pua lakini aliibakiza.

Aliajiriwa Julai 1989 kama mhudumu wa maabara, kazi yake kuosha vyupa. Wakubwa wake wa wakati huo walisimulia kwamba alikuwa akiuliza kila chupa ilikuwa na nini kabla ya kuiosha, mpaka wakachoka kumjibu, wakampeleka kusoma. Akarudi na cheti, akaenda tena, akarudi na stashahada. Ilipofika mwaka 2000 ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha joto, na ndicho chumba alichokipenda kuliko ofisi yoyote aliyowahi kupewa.

Kwa wageni watakaokuwepo Ijumaa, chumba cha joto ni kile kilicho mwisho wa korido, chenye mlango mzito na kipimajoto ukutani. Humo tunaotesha miche ya mahindi na maharage kwenye ndoo, kisha tunaitesa. Tunaizamisha majini kama masika yanavyofanya, tunaipandisha nyuzi thelathini na tano au arobaini kama jua la Januari linavyofanya, halafu tunapima kinachobadilika ndani ya mizizi na majani. Kazi hii inaonekana ya ukatili, na Mama Mtui hakuwahi kuikataa sifa hiyo. Alikuwa akiiomba radhi miche anapoivuna. Waliofanya naye kazi wanajua kwamba sitanii.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Wanafunzi wa mazoezi walikuja na vitabu vinene, wakaondoka na maelezo ya jikoni, na maelezo ya jikoni ndiyo waliyoyakumbuka kwenye mitihani. Kuhusu joto, aliwaambia kwamba protini ya mmea ina umbo lake, na jua likizidi umbo hilo linavurugika kama ute wa yai kwenye kikaango. Ndiyo maana mmea hutengeneza haraka protini nyingine za kuzishikilia zile zisivurugike. Kuhusu mafuriko, aliwaeleza kwamba mzizi uliozama hukusanya gesi ileile inayoivisha ndizi darini, na gesi hiyo ndiyo inayolegeza majani. Kijana mmoja aliwahi kusahau kimeng'enya mezani badala ya kukiweka kwenye barafu. Mama Mtui alikitazama, akamwambia amepika mtori, alete na bakuli.

Na alikuwa na kaunta buku lake. Kila kituo cha utafiti kina daftari la kumbukumbu, lenye safu za tarehe, joto, kina cha maji na rangi ya majani. La kwetu lina safu ya tano, ambayo hakuna aliyemwagiza aiweke. Aliichora kwa rula mwaka 2000, akaandika juu yake neno moja: harufu. Watafiti waliitania safu hiyo kwa miaka kumi na moja. Mimi sikuwahi kuitania, maana ndiyo iliyokaribia kunifukuzisha kazi.

Hapa naomba msamaha kwa wahariri, maana wasifu wa mstaafu hauhusu mwandishi. Lakini jambo hili siwezi kulieleza nikijitoa.

Aprili 2011 tulikuwa na jaribio la miche ya mahindi iliyozamishwa kwenye ndoo zenye mifuniko, nyuzi thelathini na tano. Mtafiti mwenye jaribio alikuwa masomoni nje ya nchi, ametuachia maelekezo ya joto na siku ya kuvuna tu. Mimi nilikuwa na ufunguo wa zamu. Alhamisi ya tarehe 14 Mama Mtui aliingia chumbani, akapima joto, akatazama majani, akanusa, na kwenye safu ya tano akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Harufu ya mbege, siku ya tatu.

Hakumtaja mtu. Hakumshtaki mtu. Aliandika alichonusa, akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya.

Mkuu wa kituo wakati huo, Mzee Godwin, alikuwa mtu wa utawala, si wa mimea, na alikuwa na tabia nzuri ya kusoma madaftari. Ijumaa asubuhi aliisoma safu ya tano. Akaenda kwenye chumba cha joto, akafungua mlango, akapigwa na harufu yenyewe usoni. Nje ya mlango, kwenye msumari, akakuta mfuko wangu. Ndani ya mfuko mlikuwa na vichane viwili vya ndizi mbivu na kilo mbili za ulezi.

Ulezi ulikuwa wa uji wa mama yangu, Bi Maulida, anayeishi nasi Majengo. Ndizi zilikuwa za watoto wa dada. Kwingine kokote nchini, mtu mwenye ndizi mbivu na ulezi ni mtu anayepeleka chakula nyumbani. Moshi, ukiwa na vitu hivyo viwili na ndoo sita zenye mifuniko mahali penye joto, hakuna haja ya kuulizwa swali lingine. Mzee Godwin, naye mtoto wa mlimani, hakuuliza. Saa nne nilikuwa na barua mkononi: nijieleze kwa nini natengeneza pombe katika maabara, na Jumatatu nifike mbele ya kamati ya nidhamu. Taarifa ilikwishatumwa makao makuu.

Wapo watakaocheka, na leo nami nacheka. Siku ile sikucheka. Mimi ni Mwislamu wa Majengo, msikiti uko nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilikuwa nimemposa Shani, na ndoa ilipangwa mwezi wa tano. Habari ya pombe ikifika kwa baba yake, kazi ingekuwa jambo dogo katika vitu ambavyo ningepoteza.

Mama Mtui alinikuta naosha ndoo. Nilimwamkia kama siku zote, shikamoo, akaitikia. Akaniuliza jambo moja tu, kama nimewahi kuileta mbege humu ndani. Nikasema sijaleta. Akasema amesikia, ila harufu aliinusa na bado anainusa. Akatoka. Nasema wazi kwamba kuanzia saa ile hadi Jumatatu asubuhi nilimchukia mama yule, na chakula cha nyumbani kilinishinda. Nilidhani pua yake imeniuza na yeye hajali.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba swali alilokwenda nalo halikunihusu mimi tena. Kama si Hussein, na harufu ipo, ni nani? Jumamosi alirudi kazini peke yake. Alifunua ndoo moja, akang'oa mche, akaunusa mzizi. Harufu ilikuwa pale pale, na mbegu iliyoanza kuota ilikuwa bado imeng'ang'ania shinani. Alisema baadaye kwamba alijikuta amekaa sakafuni akicheka, kwa sababu ghafla alikuwa jikoni kwa mama yake, anatazama ulezi uliooteshwa kabla haujaingia mtungini.

Akaenda kwenye vitabu. Mzizi, kama sisi, unahitaji oksijeni ili upate nguvu kutoka kwenye sukari. Maji yakiujaa udongo oksijeni inakwisha, na maji ya moto huwa nayo kidogo kuliko ya baridi, wakati joto linaufanya mzizi uihitaji zaidi. Mzizi ulionyimwa hewa haufi papo hapo. Unabadilisha njia: unaivunja sukari bila oksijeni, unapata nguvu kidogo sana, na mabaki yake ni kilevi. Ndicho kilekile kinachotoka mtungini. Mahindi yale yalikuwa yanajitengenezea pombe ili yasife.

Kusoma hakukumtosha. Jumapili ya tarehe 17 ilikuwa Jumapili ya Mitende, na kwaya ilikuwa imemkabidhi ubeti wa kuimba peke yake. Haikumwona. Mchungaji alituma mtu nyumbani kuuliza kama amelazwa. Alikuwa maabara, anasaga mizizi kwenye kinu, anaipasha moto taratibu, na mvuke wake anaupitisha kwenye dawa ya dikromati, ambayo ni ya rangi ya chungwa na hugeuka kijani ikikutana na kilevi. Alipima ndoo za miche iliyozama na za miche isiyozama. Alipima za joto na za kivulini. Alirudia mara tatu.

Jumatatu aliingia kwenye kamati bila kuitwa, amebeba vibomba sita vya kioo kwenye kibao. Mizizi isiyozamishwa, rangi ya chungwa. Mizizi iliyozama kivulini, kijani hafifu. Mizizi iliyozama kwenye joto, kijani kama jani la mgomba. Akaeleza kwa dakika kumi. Primus, dereva wetu, aliyekuwa mjumbe, aliombwa kwa utani apulize kwenye kibomba kimojawapo cha rangi ya chungwa ili walinganishe, maana polisi wa zamani waliwapima madereva kwa dawa hiyohiyo. Akasema yeye ana familia. Mzee Godwin alikiinua kibomba cha mwisho, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kama sasa barua ya kujieleza aiandikie mizizi. Nikaachiwa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, na sioni aibu kuliandika hilo hapa.

Siku ile nilimwomba aufute ule mstari kwenye kaunta buku. Alikataa katakata. Alisema harufu ilikuwepo, na akiifuta atakuwa ameongeza uongo juu ya haraka yake. Badala yake aliandika chini yake: Imepimwa 17/4/2011. Kilevi kimo. Kimetoka kwenye mizizi. Tangu hapo ikawa sheria ya maabara yetu, na vijana wote wamepita chini ya sheria hiyo: andika ulichonusa, kisha pima, wala usifute, ulichokigundua baadaye kiandike chini ya cha kwanza.

Kutoka kwenye vibomba vile sita kulizaliwa kazi ya miaka kumi na minne. Mtafiti aliporudi kutoka masomoni alikuta jaribio lake limepata mkia asioutarajia. Mama Mtui alizipima aina za mbegu moja baada ya nyingine, akazigawa kwa majina yake mwenyewe, ambayo hayakuingia kwenye ripoti lakini yaliingia vijijini. Kuna walevi, wanaomaliza sukari yao yote kwa pupa na kufa siku ya tatu. Kuna wavumilivu, wanaokunywa kidogokidogo na kufungua vijia vya hewa ndani ya mizizi yao. Mkulima aliyeambiwa hivyo hakuhitaji kuona mchoro.

Mwanamke mmoja wa tambarare, Mama Priska, hukumbuka masika ya mwaka mmoja ambapo ekari yake ilisimama ndani ya maji siku mbili, kisha jua likawaka vibaya. Majirani waliyamwagia mbolea mahindi yao yaliyokuwa bado majini, wakitaka kuyapa nguvu. Mama Mtui alifika na buti zake, akang'oa mche, akamnusisha. Akamwambia mahindi yake yamelewa, na mlevi anahitaji hewa kwanza, chakula baadaye. Wakachimba mifereji siku hiyohiyo, maji yakatoka, na mbolea ikangoja mpaka udongo ulipovuta pumzi. Mama Priska alivuna magunia kumi na moja, na anatuletea mahindi ya kuchoma kila mwaka hadi leo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike wasifu huu mara mbili.

Wote tunajua kwamba mwaka 2011 Mama Mtui hakuwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi, ingawa jina lake lilikuwa limekwishapendekezwa. Jokofu la zawadi alipewa Primus. Tunajua pia kwamba alipanda kuwa Fundi Sanifu Mkuu mwaka 2014, miaka mitatu baada ya wenzake. Tulisema ni ulimi wake mkali, na yeye hakubisha. Kuhusu jokofu alikuwa akisema maziwa ya Kirua hayahitaji jokofu, baridi ya mlimani inatosha.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa Bi Kindness, afisa utumishi wetu, kutafuta tarehe sahihi za ajira. Akanifungulia jalada la Mama Mtui mezani kwake. Kati ya cheti na barua ya kupandishwa daraja kulikuwa na onyo la maandishi, la tarehe 20 Aprili 2011. Chini ya onyo ilibanwa barua ya mkono ambayo mwandiko wake naujua kuliko wangu. Ninainukuu nzima, maana ni fupi: "Mkuu wa Kituo, umesema taarifa imefika makao makuu na jalada la pombe haliwezi kufungwa bila mtu kuchukuliwa hatua. Hussein hana kosa. Aliyeandika neno mbege ni mimi, na niliandika kabla ya kupima. Kijana anaoa mwezi ujao. Onyo hilo naomba niandikiwe mimi."

Nilisoma mara tatu, kama alivyonifundisha. Siku tatu tu kabla ya barua ile nilikuwa bado namchukia. Mwezi mmoja baadaye alikuwa mezani kwenye ndoa yangu, anakula pilau na kumtania Shani kwamba amepata mume anayejua kuosha vyombo. Kwa miaka kumi na minne hakusema neno. Mama Mtui, mimi na Shani tuna watoto watatu, na nyumba yetu imesimama juu ya karatasi ile. Asante, na neno lenyewe naliona dogo.

Najua atakasirika kwamba nimelichapisha jambo hili. Atanigombeza Ijumaa mbele ya wageni, na nimejiandaa.

Bi Kindness alitaka onyo lile liondolewe na kuchanwa. Nilimwambia mwenye jalada asingekubali, kwa kuwa kwetu hatufuti. Basi Jumatatu ya wiki hii, mkuu wa kituo wa sasa aliichukua kalamu, akaandika chini ya onyo na kutia sahihi na muhuri: Imepimwa tena 24/11/2025. Harufu ilikuwepo. Kosa halikuwepo.

Nakala yake iko kwenye bahasha utakayokabidhiwa, Mama. Bahasha imebandikwa kwenye mlango wa jokofu tulilochanga sote, akiwemo Primus, ambaye anasema lake la 2011 limekuwa likimkodolea macho jikoni tangu aliposikia habari hii. Utalipokea, hata kama Kirua kuna baridi.

Nenda kwenye kihamba chako, uimbe ule ubeti unaodaiwa tangu Jumapili ya Mitende, na migomba yako ikupe mikungu mizito. Uzee ukujie polepole na afya ikutangulie. Kaunta buku ninalo mimi sasa, na safu ya tano nitaijaza kila siku.

Shikamoo, Mama Mtui.